Milima Isiyo na Mizizi: Matetemeko Yanatueleza Nini Kuhusu Ardhi ya Kusini?

Mji wa Songea uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa mtaa wa Majengo anaujua mwinuko huo kwa baridi ya Juni na Julai, wakati hata vijana wa bodaboda hawatoki asubuhi bila jaketi. Mtaalamu wa jiofizikia anaujua kwa swali: ni kitu gani kinaibeba ardhi yote hii isishuke?

Swali hilo linazidi kuwa zito ukitazama pande mbili za mji. Mashariki ipo milima ya Matogoro, chanzo cha mto Ruvuma. Magharibi, ukishapita Mbinga na milima ya Wamatengo, ardhi inaporomoka hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa hilo hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 700 hivi. Ukifuata ufuko kuelekea kaskazini, Milima ya Livingstone inasimama wima kutoka majini hadi kupita mita 2,000. Uwanda wa juu, shimo refu la maji na ukuta wa mawe, vyote vimekaa jirani.

Shuleni tulijifunza kuigawa milima kwa namna ilivyozaliwa: ya kukunjamana, ya volkano, ya kuinuliwa kwa mipasuko. Mgawanyo huo ni sahihi, ila unaeleza mlima ulivyoanza tu. Hauelezi unakaaje hapo ulipo kwa mamilioni ya miaka, maana mwamba una uzito, na kitu kizito kikikosa cha kukibeba hushuka. Jibu la swali la pili liko kilometa nyingi chini, kusikofikika kwa shoka wala kwa mtambo wa kuchimba. Njia kuu ya kulifikia ni kusikiliza mitetemo ya ardhi.

Rekodi za mitetemo zilizokusanywa Kenya, Uganda na Tanzania tangu miaka ya 1980 zinaelekeza kwenye hitimisho moja linaloweza kumshangaza aliyezoea vitabu vya Ulaya na Asia. Sehemu kubwa ya nyanda zetu za juu na milima yetu haikusimama juu ya mzizi mnene wa miamba. Imebebwa na joto la kilindini na ugumu wa bamba lenyewe. Hitimisho hilo linagusa pia aina ya matetemeko tunayopaswa kujiandaa nayo.

Mzizi uliotarajiwa

Hoja ya mizizi ya milima ilianza na timazi. Katikati ya karne ya 19, wapimaji wa ardhi wa Kiingereza waliokuwa India walitarajia kwamba uzito wa Himalaya ungeivuta timazi pembeni. John Pratt alipiga hesabu mwaka 1855 akapata kwamba, kwa ukubwa wa milima ile, tofauti kati ya vituo viwili vya upimaji ilipaswa kuwa karibu sekunde 16 za pembe. Vipimo vilionyesha kama sekunde 5 tu. Milima ilionekana nyepesi kuliko macho yalivyosema.

Mwaka huohuo George Airy alitoa maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa somo hili. Ganda la dunia, alisema, ni jepesi kuliko miamba iliyo chini yake, nalo linaelea juu yake kama magogo yanavyoelea mtoni: gogo nene hutokeza juu zaidi na huzama zaidi. Mlima mrefu basi uwe na mzizi mrefu wa miamba myepesi, na wepesi wa mzizi ndio unaopunguza mvuto wa mlima. Pratt yeye alishikilia maelezo mengine, kwamba chini ya milima miamba yenyewe ina densiti ndogo, si lazima iwe minene zaidi.

Hesabu ya Airy ni rahisi kuifanya. Ukichukua densiti ya ganda kuwa tani 2.8 kwa mita moja ya ujazo, na ya miamba ya chini yake kuwa 3.3, kila kilometa moja ya mwinuko inadai mzizi wa zaidi ya kilometa 5 na nusu. Kwa mwinuko wa Songea, mzizi ungepaswa kuwa wa kilometa 6 au 7. Kwa mlima kama Rwenzori, unaofika mita 5,109 na kuzungukwa na mabonde ya mita elfu moja hivi, mzizi ungepita kilometa 20.

Kule hoja ilikozaliwa, utabiri ulitimia. Vipimo vya mitetemo vinaonyesha ganda la zaidi ya kilometa 70 chini ya Tibet, na unene unaokaribia huo chini ya sehemu za Andes, wakati ganda la kawaida la bara ni kilometa 35 hadi 40. Pale ambapo mabamba mawili yamegongana au kubanana, mzizi upo. Afrika Mashariki hali ni kinyume, kwa sababu hapa ardhi inavutwa na kuachana.

Namna mawimbi yanavyosomwa

Mpaka wa chini wa ganda uligunduliwa kwa tetemeko. Tarehe 8 Oktoba 1909 ardhi ilitikisika karibu na Zagreb, Kroatia, na Andrija Mohorovičić akakusanya rekodi za vituo mbalimbali vya Ulaya. Aliona kwamba vituo vya mbali vilipokea mawimbi mapema kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba sehemu ya safari ilipita kwenye njia ya kasi zaidi. Akahitimisha kwamba kwenye kina fulani miamba hubadilika ghafla. Juu ya mpaka huo mawimbi ya P huenda kilometa 6 hadi 7 kwa sekunde, na chini yake huruka hadi kama 8. Mpaka huo sasa unaitwa Moho, na kupima unene wa ganda ni kutafuta kina cha Moho.

Zipo njia tatu kuu za kukitafuta. Ya kwanza ni kulipua baruti kwa makusudi, ardhini au ziwani, na kupanga mitambo kwenye mstari mrefu. Saa ya mlipuko inajulikana barabara, kwa hiyo hesabu hutoka safi, lakini gharama ni kubwa. Ya pili ni kusubiri matetemeko makubwa ya mbali, ya Indonesia, Japani au Amerika ya Kusini. Ya tatu hutumia mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi, yakiwemo manung'uniko yasiyokoma yanayotokana na mawimbi ya bahari. Hata Songea, iliyo mamia ya kilometa kutoka Bahari ya Hindi, ardhi yake haitulii kabisa. Ukilinganisha rekodi za vituo viwili kwa miezi mingi, manung'uniko hayo hukupa kasi ya mawimbi katika ardhi iliyo kati yao.

Njia ya pili ndiyo iliyozaa matunda mengi zaidi kwetu, na inafaa kuitazama kwa karibu. Mawimbi ya P ya tetemeko la mbali hufika chini ya kituo yakitoka kilindini, karibu wima. Yanapopita Moho, sehemu ndogo ya nguvu yake hugeuka kuwa mawimbi ya S, ambayo ni ya polepole. Yote mawili yanapanda hadi juu, lakini la P linafika kwanza. Chukua ganda la kilometa 38, P ikienda kilometa 6.4 kwa sekunde na S kilometa 3.7. P itatumia sekunde 5.9 na S sekunde 10.3. Pengo ni sekunde 4.4 hivi. Kwa hiyo anayeisoma rekodi anatafuta kimtetemo kidogo kinachofuata sekunde 4 na ushei baada ya wimbi la kwanza, na kila sekunde ya pengo ina maana ya kilometa 8 au 9 za ganda.

Mtego upo. Ukichukua S kuwa 3.5 badala ya 3.7, pengo lilelile linakupa kilometa 33 au 34 badala ya 38. Ndiyo maana watafiti hutumia pia mawimbi yaliyogonga uso wa ardhi na kurudi chini hadi Moho kabla ya kupanda tena. Mawimbi hayo husaidia kutenganisha unene na kasi, na utaratibu wa kuyajumlisha, uliochapishwa na Zhu na Kanamori mwaka 2000, sasa ni wa kawaida duniani kote. Kwenye mabonde yenye mashapo manene kazi inakuwa ngumu, kwa kuwa mawimbi hurukaruka ndani ya mashapo na kukifunika kile kinachotafutwa.

Mmoja wa waanzilishi wa mbinu hii ni Mmarekani Charles Langston, ambaye mwaka 1979 aliitumia kuchunguza ardhi iliyo chini ya mlima Rainier, volkano ya jimbo la Washington. Miaka 15 baadaye jina lake linaonekana kwenye utafiti mkubwa wa kwanza wa aina hiyo nchini Tanzania.

Kituo chenyewe hakina makuu. Huchimbwa shimo, humwagwa sakafu ya zege iliyogusana na mwamba pale inapowezekana, na chombo huwekwa juu yake kikiwa kimenyooshwa sawasawa kuelekea kaskazini. Hufunikwa vizuri ili joto la mchana na baridi ya usiku visikisumbue. Juu hubaki paneli ya sola, betri, kifaa cha kuhifadhi data na antena ya kupokea saa ya setilaiti. Majengo pasingefaa hata kidogo: malori, mashine za kusaga na pikipiki vingeizamisha mitetemo ya mbali. Panapofaa ni kando ya mji, mara nyingi kwenye kiwanja cha shule au misheni, ambako pana utulivu na pana macho ya watu. Mwizi anayechukua betri huondoka na miezi ya data bila kujua.

Kenya: kanuni inakaribia kutimia

Kenya ilipimwa kwa baruti. Mradi wa kimataifa uliojulikana kwa jina la KRISP ulifanya kazi zake kubwa mwaka 1985, 1990 na 1994, ukilipua ndani ya maziwa na kwenye visima vilivyochimbwa, kutoka Turkana hadi kusini mwa Bonde la Ufa. Ganda lilikutwa na unene wa karibu kilometa 35 chini ya eneo la Naivasha, likapungua hadi karibu kilometa 20 chini ya Ziwa Turkana. Mashariki ya bonde, chini ya vilima vya Chyulu, lilifika kama kilometa 44.

Hapa Airy hakuaibika sana. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Turkana chini ya mita 400. Tofauti ya kilometa 15 za ganda ingetosha kuleta tofauti ya zaidi ya kilometa 2 za mwinuko, nayo tofauti halisi ni kilometa 1 na nusu. Mwelekeo unalingana, kiasi hakilingani. Mahali ganda lilipovutwa na kuwa jembamba, joto la chini limepanda kuchukua nafasi yake, na joto hilo linainua ardhi ambayo bila hilo ingekuwa chini zaidi.

Uganda: kanuni inavunjika

Rwenzori ndiyo mahali ambapo hoja ya mzizi inaanguka waziwazi. Mlima huu si volkano. Ni pande la miamba ya kale, lenye urefu wa kama kilometa 120, lililosimama katikati ya Bonde la Ufa la magharibi baina ya maziwa Albert na Edward. Watafiti wa Kijerumani wakishirikiana na wenzao wa Uganda waliweka mtandao wa vituo kulizunguka kuanzia mwaka 2006, chini ya mradi wa RiftLink.

Badala ya mzizi wa kilometa 20 na zaidi, walikuta ganda jembamba. Vipimo vya Wölbern na wenzake, vilivyochapishwa mwaka 2010, viliweka Moho kwenye kina cha kilometa 20 hadi 28 katika eneo la ufa na mlima, na zaidi ya kilometa 30 kwenye mabega ya bonde. Mmojawapo wa milima mirefu kabisa Afrika umesimama mahali ambapo ganda ni jembamba kuliko pembeni yake.

Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba pande hili lilizungukwa na matawi mawili ya ufa yaliyokuwa yakikua kuelekeana, na sehemu ya chini ya bamba, iliyo baridi na nzito, ikadhoofishwa na joto, ikachomoka na kuzama. Kilichobaki kikapanda, kwa kuwa kimetuliwa mzigo uliokuwa ukikivuta. Mtandao huo ulirekodi mamia ya matetemeko madogo kila mwezi, na Lindenfeld na Rümpker wakaripoti mwaka 2011 machache yaliyotokea kwenye kina cha kilometa 53 hadi 60, chini kabisa ya Moho. Ni kina kisicho cha kawaida kwa bonde la ufa, na watafiti waliyahusisha na mienendo ya magma katika kina hicho.

Tanzania: uwanda usio na mzizi

Kati ya mwaka 1994 na 1995 Andrew Nyblade, Thomas Owens na Langston, wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania, waliweka vituo 20 nchini kwa mwaka mmoja. Vilipangwa kwa mistari miwili: mmoja ukikata nchi kutoka mashariki kwenda magharibi, mwingine ukishuka kutoka Longido hadi Tunduma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalikuwa na utulivu wa kushangaza. Chini ya miamba ya kale sana ya katikati ya nchi, ganda lina kilometa 37 hadi 42. Chini ya ukanda wa Msumbiji ulio mashariki yake, kilometa 36 hadi 39. Chini ya ukanda wa Ubende, kusini-magharibi, kilometa 40 hadi 45.

Tatizo la takwimu hizo ni ukawaida wake. Ganda la kilometa 38 hadi 40 ndilo linalopatikana sehemu za Kanada, ambako ardhi ya kale iko mita mia chache tu juu ya bahari. Sisi tuko zaidi ya mita elfu kwa ganda lilelile. Mradi wa AfricaArray, ulioanzishwa mwaka 2004 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Baraza la Jiolojia la Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, uliongeza vituo Uganda, Tanzania na Zambia. Uchambuzi ulioongozwa na Mganda Fred Tugume mwaka 2012 ulithibitisha picha hiyo: ganda letu la kale, lenye umri wa miaka bilioni 3 na lenye umri wa bilioni moja, halitofautiani sana, na wastani wake uko chini kidogo ya kilometa 40.

Kama ganda halielezi mwinuko, itabidi kushuka chini zaidi. Hapo ndipo kazi ya Mtanzania Gabriel Mulibo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inapoingia. Akiwa na Nyblade, alichapisha mwaka 2013 picha za kilometa mamia chini ya Afrika Mashariki. Mawimbi hupita polepole mno kwenye eneo pana linalotoka Kenya hadi Zambia. Tabaka lililo kati ya kina cha kilometa 410 na 660 limekonda kwa kilometa 30 hadi 40, na kukonda huko ni dalili ya joto lililozidi kawaida kwa nyuzi 200 hadi 300 hivi. Watafiti wengi wanauona ukanda huo kuwa sehemu ya mkondo mkubwa wa miamba moto unaopanda ukielekea kaskazini-mashariki, kutoka karibu na kiini cha dunia chini ya kusini mwa Afrika.

Mwamba moto una densiti ndogo, hivyo hubeba. Kwa maana hiyo Pratt, ambaye historia ilimweka nyuma ya Airy, anapata haki yake Tanzania: uwanda wetu unasimama kwa wepesi wa kilicho chini kuliko kwa unene wa kilicho juu.

Ukuta wa Livingstone

Joto la kilindini linaeleza uwanda mpana. Haliwezi kueleza Milima ya Livingstone, kwa sababu milima hiyo ni mstari mwembamba kando ya ziwa, na joto la kina cha kilometa mamia haliwezi kuchora mstari mwembamba hivyo.

Ziwa Nyasa limepimwa mara nyingi. Miaka ya 1980 mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke ulilipitia kwa mwangwi na kuonyesha kwamba chini ya maji kuna mashapo yenye unene wa kilometa kadhaa, yaliyolazwa kwa mteremko kuelekea upande wenye mpasuko mkuu. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2015 ukaja mradi wa SEGMeNT. Vituo viliwekwa Tanzania na Malawi, vingine vikazamishwa hadi sakafuni mwa ziwa, na meli ya mizigo ikageuzwa kuwa chombo cha kupiga mawimbi kwa mizinga ya hewa.

Kilichojitokeza ni mpasuko wenye urefu wa zaidi ya kilometa 100 unaopita miguuni mwa Livingstone. Upande mmoja umezama na kuwa ziwa, wa pili umepanda na kuwa mlima. Bamba ambalo halijachoka bado lina ugumu wa kutosha kujikunja bila kuvunjika vipande, na ukingo wake unapopunguziwa mzigo, unanyanyuka. Ugumu huo ndio unaoushikilia mlima, na hauhitaji mzizi.

Simulizi la ziwa linafika hadi kwenye ardhi ya mkoa wa Ruvuma. Bonde la Ruhuhu, lenye makaa ya mawe ya Ngaka, ni ufa wa zamani zaidi, wa enzi ya Karoo, miaka milioni 250 na zaidi iliyopita. Baadhi ya watafiti wa SEGMeNT wanatafsiri miamba ya kasi kubwa waliyoikuta chini ya mashapo ya ziwa kuwa mwendelezo wa tabaka hizo za Karoo. Ufa mpya unapita juu ya ufa wa kale, na pengine unafuata udhaifu ulioachwa na ule.

Milima iliyowahi kuwa na mizizi

Isifikiriwe kwamba Tanzania haikuwahi kuwa na milima ya aina ya Himalaya. Ukanda wa Msumbiji ni mabaki ya mgongano wa mabara, miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Miamba ya Uluguru, Usambara na Udzungwa iliokwa kwenye kina cha kilometa 30 na zaidi kabla ya kufikishwa juu. Upande wa Iringa, kwenye kilima cha Yalumba, kuna miamba ya miaka bilioni 2 iliyokandamizwa kwenye kina kinachopita kilometa 50.

Mzizi wa milima ile basi ulikuwepo. Leo vipimo vinatoa kilometa 36 hadi 39 tu chini ya ukanda huo. Mmomonyoko uliondoa juu, ganda likapanda taratibu kufidia, na sehemu ya chini huenda ililainishwa na kutiririka au ikazama. Urefu wa Uluguru wa leo ni wa kuinuliwa upya, baada ya mlima wa kwanza kusawazishwa.

Panapobishaniwa

Wataalamu hawajakubaliana juu ya kila kitu. Swali la kwanza ni sehemu gani ya mwinuko wetu imetokana na joto la karibu, chini kidogo ya bamba, na sehemu gani inasukumwa na mtiririko mzima kutoka kilindini. Mitetemo hupima kasi, wala haipimi joto moja kwa moja, na kasi inaweza kupunguzwa na joto, na kiasi kidogo cha mwamba ulioyeyuka, au na aina ya mwamba. Anayedai joto peke yake anadai kuliko rekodi inavyompa.

Swali la pili ni mchango wa magma. Karibu na Ziwa Natron, vituo vya miaka ya 2013 na 2014 vilionyesha matetemeko yanayotokea chini kabisa ya ganda, na watafiti wakayahusisha na hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka kwenye magma. Nyasa hali ni tofauti: ukiacha volkano za Rungwe kaskazini mwa ziwa, ufa unafunguka kwa kiasi kikubwa bila magma kuonekana juu. Kwa nini kaskazini kuna volkano nyingi na kusini chache, wakati joto la chini linaenea kote? Hapo ndipo utafiti wa sasa ulipo.

Maana yake kwa anayejenga nyumba

Mabara mengi huvunjika kwa matetemeko kwenye kilometa 15 za juu, kwa kuwa chini yake mwamba una joto na hunepa badala ya kukatika. Ganda la upande wetu wa magharibi na kusini ni la kale, baridi na gumu. Rekodi za Rukwa na Nyasa zinaonyesha matetemeko kwenye kina cha karibu kilometa 30. Ganda linalokatika kwa kina kirefu hivyo hujenga mipasuko mirefu, na mpasuko mrefu unaweza kutoa tetemeko kubwa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa ya Afrika katika karne ya 20. Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko ulibomoa nyumba Karonga, ng'ambo ya ziwa. Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliua zaidi ya watu 15 Kagera, mkoa ambao wengi waliudhani uko salama.

Ugumu unaoishikilia Milima ya Livingstone ndio huohuo unaohifadhi nguvu ya tetemeko. Kwa hiyo kutokuwepo kwa mitetemo ya mara kwa mara Songea hakumaanishi kutokuwepo kwa hatari, maana miaka mia moja ya kumbukumbu za binadamu ni michache mno kwa mpasuko unaoweza kukaa maelfu ya miaka bila kujitingisha.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, yenye makao Dodoma, ndiyo inayofuatilia matetemeko nchini. Miradi mikubwa iliyoelezwa hapa ilikuwa ya muda, na vyombo vyake vingi viliondoka pamoja na wageni. Ruvuma na Njombe zinastahili vituo vya kudumu vinavyotuma data muda wote, vikitunzwa na watu wa hapahapa. Data za miradi iliyopita ziko wazi kwenye hifadhi za kimataifa, na mwanafunzi yeyote wa fizikia mwenye kompyuta anaweza kuifanya mwenyewe ile hesabu ya sekunde 4 na ushei. Na kwa fundi anayejenga Majengo, Lizaboni au Mfaranyaki, ushauri ni huu: weka msingi imara, usitumie udongo mtupu kuunganishia tofali, na ufunge lenta inayozunguka kuta zote. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kujenga nyumba mara mbili.